Meli ya Mgiriki, Bendera ya Liberia: Kwa Nini?

Ukifika Tanga mjini siku ambayo meli ipo bandarini, fanya jambo moja dogo. Tafuta mahali unapoweza kuiona meli kwa nyuma, kule kwenye tezi. Soma maneno yaliyoandikwa pale. Herufi zake ni kubwa, hata ukiwa mbali utaziona. Mstari wa juu ni jina la meli. Mstari wa chini ni jina la mji. Mara nyingi utasoma MONROVIA, au PANAMA, au MAJURO, au VALLETTA.

Mzee mmoja wa Kigombe, mvuvi wa siku nyingi, alinisimamisha kuniuliza habari hiyo. Baada ya salamu alisema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa gazeti, hebu nieleze. Nimesoma Monrovia kwenye meli. Nikauliza, nikaambiwa Monrovia ni mji mkuu wa Liberia, huko Afrika ya Magharibi. Lakini nahodha wake ni Mgiriki, mabaharia Wafilipino. Huyo Mliberia yuko wapi?"

Hakuuliza kwa kupitisha wakati. Mjukuu wake alikuwa ameahidiwa kazi ya ubaharia katika meli ya nje, na wakala aliyemwahidi alikuwa anataka fedha kwanza. Mzee alitaka kujua kijana anakwenda chini ya serikali gani.

Jibu fupi ni hili: Mliberia hayumo. Pengine meli yenyewe haijawahi kufika Monrovia hata mara moja. Mwenye meli ameiandikisha Liberia kwa sababu anapata faida. Jibu refu ndilo ninaloliandika hapa.

BENDERA NI SHERIA

Kutoka ufukoni kwetu kwenda mbele maili 12 za baharini ni maji ya Tanzania, na sheria za Tanzania zinatawala. Lakini ukienda mbali sana, kwenye bahari kuu, hakuna mwenyewe. Huko hakuna polisi wa nchi yoyote, hakuna mahakama, hakuna hata mwenyekiti wa kijiji. Sasa baharia akimpiga mwenzake huko, nani atamshtaki? Asipolipwa mshahara, adai kwa sheria ipi?

Dunia ilikubaliana zamani kwamba kila meli iwe na nchi yake. Inaandikwa katika daftari la nchi hiyo, inapewa bendera, na sheria za nchi hiyo huifuata popote iendapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unasema hivyo hivyo. Unasema pia kwamba lazima pawe na uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi yenye bendera. Lakini haukueleza uhusiano huo upimwe kwa kipimo gani. Hapo ndipo penye tundu, na meli kubwa kubwa zimepita katika tundu hilo.

Chukua mfano wa karibu. Tuseme una mashua tatu za uvuvi. Kijijini kwako unatakiwa ulipe ada, ununue majaketi ya kujiokolea, mashua ikaguliwe, na wafanyakazi walipwe kiasi kilichowekwa. Halafu kijiji kingine cha mbali kinakuletea habari: "Njoo uandikishe kwetu. Ada yetu ndogo, hatuna maswali mengi, na mashua zako zibaki kuvua hapo hapo zinapovua." Utafanyaje? Wapo watakaokataa. Lakini wakipatikana wawili wanaokubali, samaki wao watauzwa kwa bei nafuu kuliko wako, na wewe utaanza kufikiri upya.

HAPA KWETU JAMBO HILI NI LA ZAMANI

Usidhani hila hii imeanza juzi. Ilifanyika hapa hapa, katika mkondo wa bahari ulio kati yetu na Pemba, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubaliana na Waingereza kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mashamba ya karafuu ya Pemba yalikuwa bado yanataka watu wa kazi. Basi biashara ile haikufa, ila iliingia gizani. Watu walitolewa bara, wakafikishwa pwani hii yetu, wakapakiwa usiku katika majahazi na kuvushwa.

Waingereza waliweka manowari za kuvizia. Moja iliitwa London, ilitia nanga Unguja, na mashua zake zilizunguka mpaka Pemba. Waliruhusiwa kusimamisha na kupekua jahazi la raia wa Sultani. Lakini jahazi lenye bendera ya Ufaransa hawakuruhusiwa kulipekua, kwa maana Wafaransa walikataa katakata chombo chao kupekuliwa na Mwingereza.

Wenye majahazi waliliona hilo upesi. Waarabu wa Suri, mji wa pwani ya Omani, walikuwa hodari wa safari za msimu kuja huku. Baadhi yao walijipatia hati za Kifaransa kwa kudai kwamba wana makazi Mayotte, au Nossi-Bé, au Obock, mahali palipotawaliwa na Ufaransa. Nyumba ya mtu iko Suri, mitende yake iko Suri, jahazi ni lake yeye wa Suri, lakini juu ya mlingoti inapepea bendera ya Ufaransa!

Wasibebeshwe wote lawama ya utumwa. Wengine walibeba tende, chumvi, papa na boriti tu. Hawa waliitaka bendera ili wasisumbuliwe njiani. Anayejua kutweka tanga ataelewa. Jahazi likisimamishwa siku mbili, tatu, kupekuliwa, linaweza kupoteza upepo, na kupoteza upepo wa kurudi ni kupoteza msimu mzima. Kwa hiyo faida ya kwanza ya bendera ya kigeni katika pwani yetu ilikuwa hiyo: kupita bila kuulizwa.

Waliobeba watumwa nao walipita katika mlango huo huo. Mwezi Desemba 1881 Kapteni Brownrigg, mkuu wa manowari London, alilisogelea kwa mashua yake ya mvuke jahazi lenye bendera ya Ufaransa karibu na Pemba. Kwa kuwa bendera ilikuwa ya Ufaransa hakuja kwa vita, alitaka kuangalia hati tu. Ndani mlikuwa na watumwa. Watu wa jahazi walifyatua bunduki, wakamwua yeye na baadhi ya watu wake.

Waingereza na Wafaransa walizozana miaka mingi juu ya bendera hizo. Mwishowe walipeleka shauri lao kwenye mahakama ya usuluhishi huko The Hague, Uholanzi. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Ilisema kwamba, kwa kawaida, kila nchi ina haki ya kuamua nani apewe bendera yake. Lakini Ufaransa ilikuwa imekubali mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 wa kukomesha biashara ya watumwa. Kwa hiyo tangu tarehe 2 Januari 1892 haikuwa na haki tena ya kuwapa bendera watu wapya wa Sultani wa Maskati, isipokuwa waliokuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya mwaka 1863.

Majahazi yale yamekwisha. Lakini yale maneno ya kwamba kila nchi huamua yenyewe nani apewe bendera, wanasheria wa bahari wanayataja mpaka leo.

PANAMA NA LIBERIA

Katika miaka ya 1920 Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe. Meli mbili za abiria za Wamarekani, Reliance na Resolute, zilipata shida, maana abiria wa safari ndefu walitaka kunywa. Mwaka 1922 zikaandikishwa Panama. Baa zikafunguliwa.

Baadaye, vita kuu ya pili ilipoanza mwaka 1939, sheria ya Marekani ilizuia meli zake kupeleka mizigo kwa nchi zilizokuwa vitani. Meli kadhaa za Wamarekani zikahamia bendera ya Panama, zikaendelea kuipelekea Uingereza mizigo. Safari hiyo serikali ya Marekani yenyewe iliridhika.

Liberia ilifungua daftari lake kwa sheria ya mwaka 1948. Aliyeutunga mpango huo alikuwa Mmarekani, Edward Stettinius, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi yake. Meli ya kwanza kuandikishwa, mwaka 1949, iliitwa World Peace, na mwenyewe alikuwa Mgiriki, Stavros Niarchos. Hata leo kazi za daftari hilo zinaendeshwa na kampuni iliyoko jimbo la Virginia, Marekani. Kwa hiyo, mzee wangu wa Kigombe, hata ofisi ya bendera haiko Monrovia.

Leo nchi tatu tu, Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall, zimeandikisha zaidi ya asilimia 40 ya uwezo wote wa meli za dunia wa kubeba mizigo. Visiwa vya Marshall viko bahari ya Pasifiki, watu wake hawafiki laki moja, na mji wake mkuu ndio huo Majuro unaousoma kwenye tezi. Mongolia nayo ilifungua daftari la meli mwaka 2003. Mongolia haina bahari hata ya kunawia miguu.

ANAPATA NINI MWENYE MELI?

Faida kubwa ni kodi. Katika nchi nyingi mwenye kampuni hutozwa sehemu ya faida yake. Akipata nyingi, anatoa nyingi. Lakini nchi hizi za bendera hazimtozi kodi ya faida ya safari za nje. Zinamtoza ada ya kuandikisha, halafu ada ndogo kila mwaka kwa kufuata ukubwa wa meli. Ni kama mkulima wa machungwa wa Muheza angetozwa kiasi kile kile kidogo kwa kila mti, uzae usizae. Mwaka wa mavuno mabaya atanung'unika kidogo. Mwaka wa mavuno mazuri atacheka peke yake.

Jambo hili liliziumiza nchi kubwa zenyewe. Meli zilipokimbia, baadhi ya nchi hizo ziliamua kuiga. Uingereza, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2000 kodi ya kufuata ukubwa wa meli ili wenye meli wasizidi kuondoka.

Faida ya pili ni mishahara, na hii inatuhusu zaidi. Nchi nyingi zinadai kwamba meli yenye bendera yao iajiri raia wao, wote au sehemu. Baharia wa Ulaya ana mshahara mkubwa, ana chama, ana pensheni, ana likizo. Mwenye meli akihamia bendera ya nje anaruhusiwa kuajiri mtu wa nchi yoyote. Anakwenda Ufilipino, India, Indonesia, au anakuja huku kwetu. Ndiyo sababu kijana wa Kigombe anaweza kupata kazi katika meli ambayo zamani ingewachukua Wazungu tu. Lakini sababu ya kuchukuliwa kwake ni hiyo hiyo ya kuwa rahisi. Ni vizuri aijue kabla ya kutia saini.

Tena kuna mkopo. Meli moja kubwa hugharimu mamilioni ya dola, na ni wachache wanaonunua kwa fedha za mfukoni. Benki inayokopesha inauliza: asipolipa, nitaikamataje meli, na kwa sheria gani? Sheria za Liberia na Visiwa vya Marshall zilitungwa kwa kufuata zile za Marekani, na mabenki yanazifahamu. Hapo bendera ya kigeni inampa tajiri mkopo kwa urahisi kuliko bendera ya kwao. Kuandikisha kwenyewe ni kwa haraka, si kwa njoo kesho, njoo keshokutwa.

Tusikosee hapa. Bendera ya nje si lazima iwe bendera mbovu. Liberia na Visiwa vya Marshall hukagua meli zao vizuri kuliko baadhi ya nchi zinazojivunia mabaharia wake. Lakini zipo bendera nyingine ambazo biashara yake ni kutokuuliza. Meli kuukuu iliyokataliwa kwingine hupokelewa huko.

Faida ya mwisho ndiyo ya kutazama kwa makini, nayo ni kujificha.

AKIFANYA UHARIBIFU UTAMPATA WAPI?

Tajiri mwenye meli 20 mara nyingi hana kampuni moja yenye meli 20. Ana kampuni 20, kila moja na meli yake moja. Meli moja ikizama au ikidaiwa, deni linaishia kwenye kampuni ile moja, ambayo haina kitu kingine. Nyingine 19 zinaendelea na kazi kama kwamba hazijuani. Na katika nchi nyingi za bendera, jina la tajiri mwenyewe haliandikwi mahali pa watu kusoma.

Sikiliza kisa cha Torrey Canyon. Tarehe 18 Machi 1967 meli hiyo ya mafuta iligonga mwamba karibu na ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Ilibeba tani 119,000 hivi za mafuta ghafi. Mafuta yalienea mpaka fukwe za Uingereza na Ufaransa, na ndege wa baharini wakafa kwa maelfu. Sasa nani alipe? Bendera ilikuwa ya Liberia. Kampuni yenye meli ilikuwa ya huko Bermuda. Iliyoikodi ilikuwa kampuni ya mafuta ya California, Marekani. Nayo ilikuwa imeikodisha safari ile kwa kampuni ya mafuta ya Kiingereza. Nahodha alikuwa Mtaliano.

Waingereza walipoona hivyo walifanya kama mtu anayemngoja mdaiwa njia panda. Kampuni ile ya Bermuda ilikuwa na meli nyingine, Lake Palourde. Ilipotia nanga Singapore, mwanasheria alipanda akaibandika hati ya mashtaka kwenye mlingoti. Mwaka 1969 wenye meli walikubali kulipa pauni milioni 3, zikagawanywa kati ya Uingereza na Ufaransa.

Mwaka ule ule wa 1969 dunia ilifanya mkataba juu ya fidia ya mafuta yanayomwagika baharini. Unaotumika siku hizi ni ule wa mwaka 1992, na Tanzania imo. Unasema meli inayobeba zaidi ya tani 2,000 za mafuta kama shehena lazima iwe na hati ya bima, hata kama bendera yake ni ya nchi isiyoukubali mkataba, ikiwa inaingia bandari ya nchi iliyoukubali. Anayedai fidia anaweza kumdai mwenye bima moja kwa moja, si lazima amtafute tajiri aliyejificha.

Kwa watu wa Tanga hii si hadithi ya mbali. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapo hapo penye wavuvi. Meli ya kuyachukua mafuta hayo inaweza kuwa na bendera yoyote ile. Ikitokea ajali, mvuvi aliyeshindwa kuvua ana haki ya kudai. Lakini ataulizwa: ulikuwa unavua wapi, siku ngapi kwa wiki, unauza kilo ngapi, kwa bei gani? Asiye na jibu lililoandikwa atapata taabu. Daftari la mazoezi la kurasa 40 linatosha. Andika kila siku tarehe, kilo na shilingi. Usingoje ajali ndipo uanze kukumbuka.

NA BENDERA YETU JE?

Hapa wengi watashangaa. Tanzania nayo imo katika biashara hii. Nchi yetu ina madaftari mawili ya meli. La Bara liko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC. La Zanzibar linapokea meli za watu wa nje, kwa sheria ya Zanzibar ya mwaka 2006, na linasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Kwa hiyo kuna meli zinazozunguka bahari za Ulaya na Uarabuni, zimeandikwa ZANZIBAR kwenye tezi, na hazijapata kunusa karafuu.

Nia haikuwa mbaya. Ada ya meli ni fedha za kigeni, na nchi haitoi kitu ila karatasi na jina lake. Lakini jina nalo ni mali, na linaweza kuchakaa.

Mwaka 2012 nchi za Ulaya na Marekani ziliiwekea Iran vikwazo vya mafuta. Meli za mafuta za Iran zikabadilisha majina na bendera. Zaidi ya 30 zilionekana na bendera ya Tanzania. Zilikuwa zimeandikishwa na wakala aliyekuwa Dubai. Mbunge mmoja wa Marekani aliandika barua kulalamika, na serikali yetu ikajikuta inaulizwa juu ya meli ambazo hapa nyumbani hakuna aliyekuwa anazifikiria. Mkataba wa wakala ukavunjwa na meli zikafutwa daftarini.

Aprili 2015 chombo kilichoitwa Hamal, chenye bendera ya Tanzania, kilikamatwa katika Bahari ya Kaskazini, mashariki ya Aberdeen, Uskochi. Kilikuwa na zaidi ya tani 3 za kokeini. Mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018 zikakamatwa nyingine mbili: Kaluba, karibu na Jamhuri ya Dominika, ikiwa na dawa za kulevya, na Andromeda, iliyozuiwa na Wagiriki ikiwa na vifaa vya kutengenezea milipuko, ikishukiwa kwenda Libya. Januari 2018 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza kwamba meli hizo zimefutwa. Rais John Magufuli akaamuru uandikishaji wa meli mpya za nje usimamishwe, na meli 470 zilizokuwa zimeandikishwa zichunguzwe.

Mabaharia wa meli hizo hawakuwa Watanzania, wala wenye shehena. Chetu kilikuwa kitambaa tu, kile cha kijani, njano, nyeusi na buluu.

Mwenye meli naye ana hasara yake. Bendera ikiharibika jina, meli yake hupekuliwa zaidi bandarini. Nchi za Ulaya zina mpango wa pamoja wa kukagua meli za kigeni, ulioanza Paris mwaka 1982. Bendera zao huwekwa katika orodha nyeupe, ya kijivu, au nyeusi. Ya Tanzania imekaa katika orodha nyeusi kwa miaka kadhaa. Meli ya orodha nyeusi huzuiwa gatini mara kwa mara, na meli iliyozuiwa inakula fedha kila siku inayolala: mishahara, chakula, ada ya bandari, faini ya kuchelewesha mzigo. Basi ile ada ndogo aliyoikimbilia inageuka kuwa ghali. Na sisi huku kwenye Bahari ya Hindi tuna mpango wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo wakaguzi wana haki ya kupanda meli yoyote inayofunga gati Tanga, iwe imeandikwa Panama au Monrovia.

KIJANA AKIITWA MELINI

Sasa nirudi kwa mjukuu wa mzee. Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, na Tanzania imekwisha kuuridhia. Unamlinda baharia katika mambo ambayo bendera mbovu ingeyaacha.

Wakala hana ruhusa ya kumtoza baharia fedha kwa kumtafutia kazi. Baharia anaweza kujilipia cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti, basi. Anayesema "leta laki tano nikuingize melini" anavunja mkataba huo.

Kijana apewe mkataba wa kazi ulioandikwa, abaki na nakala yake, na apewe nafasi ya kuusoma na kutafuta ushauri kabla ya kutia saini. Uwe na jina la mwenye meli na anwani yake, kazi, mshahara, na haki ya kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwenye meli. Saa za kazi zisizidi 14 kwa siku wala 72 kwa wiki, au mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki.

Asipolipwa mshahara miezi miwili au zaidi, anahesabiwa kuwa ametelekezwa. Meli lazima iwe na bima ya jambo hilo, inayolipa mshahara usiozidi miezi minne, chakula, na nauli ya kurudi. Hati ya bima hiyo hubandikwa melini mahali pa wazi, yenye jina la mwenye bima na namna ya kumpata. Siku ya kwanza kijana akipanda, kabla hata ya kutafuta pa kulala, akaitafute hati hiyo ukutani na kuiandika namba yake ya simu. Baharia anaweza pia kupeleka malalamiko kwa wakaguzi wa bandari yoyote aliyofika, na Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ITF, ambalo limepiga vita bendera hizi za kukodi tangu mwaka 1948, lina watu wake katika bandari nyingi.

Mzee alirudi kwangu wiki ya pili, na karatasi ya mjukuu ameikunja mfukoni mwa shati. Tuliisoma pamoja, yeye akifuata kwa kidole. Mshahara ulikuwepo. Jina la meli lilikuwepo. Pa kuandika jina na anwani ya mwenye meli palikuwa patupu, na pa bendera vile vile. Kijana amerudishwa kwa wakala na karatasi yake, akaulize hayo mawili, na fedha babu amezizuia.